Mugumo wa Thika na Makuba Yetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika maswali yanayoletwa mara kwa mara darasani kwetu, moja ni hili: Muislamu akifika mahali ambapo watu wa dini nyingine wanapatukuza, afanye nini? Apite mbali? Aingie atazame? Na akiingia, asimame vipi, na moyo wake useme nini? Babu zetu waliosafiri kwa majahazi hadi Bombay na Kalikut waliyaona mahekalu ya Bara Hindi kwa macho yao, na swali hili hapana shaka liliwapitia. Sisi leo twaliona karibu zaidi. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanafanya kazi na biashara bara, na barabara kuu itokayo Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2012, huwapitisha Ruiru na Juja mpaka mjini Thika. Na hapo Thika palikuwa na mti ambao habari zake zimeenea Kenya nzima. Tumeona vyema tuuchukue mti huo uwe mfano wetu, kwa kuwa mfano wa karibu hufahamisha kuliko wa mbali.

Mti huo ni mugumo. Mugumo ni katika jamaa ya mikuyu, na Wakikuyu tangu zamani waliuheshimu kuliko miti mingine. Chini yake wazee walikusanyika, wakachinja kondoo, wakauelekea Mlima Kenya, ambao wao huuita Kirinyaga, wakamwomba Ngai awape mvua na salama. Mzee Jomo Kenyatta aliyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu alichokitoa mwaka 1938. Na yatupasa tuwe waadilifu tangu mwanzo: Mkikuyu wa kale, ukimwuliza, hakusema kwamba mti ndio Mungu. Alisema Mungu yuko juu, na mti ni mahali pa kumwomba. Maneno haya tuyaweke akilini, kwani tutakutana nayo tena mahali tusipopatarajia.

Ama mti wa Thika, sifa yake ilizidi kwa sababu ya utabiri. Husimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu aliyekuwako kabla Waingereza hawajaishika nchi, aliwaambia watu wake kwamba watakuja wageni wenye ngozi mfano wa ngozi ya chura, pamoja na nyoka wa chuma atakayetambaa katika nchi yao. Na kwamba utawala wa wageni hao utakoma siku utakapoanguka mugumo wa Thika. Wageni wakaja. Nyoka wa chuma akaja pia, kwani reli ilifika Thika mwaka 1913. Husimuliwa vilevile kwamba serikali ya kikoloni, iliposikia utabiri ule, iliuzungushia mti pingu ya chuma na kuutia nguvu ili usianguke. Kisha radi ikaupiga, ukapasuka, ukaanguka mwaka 1963. Na tarehe 12 Disemba ya mwaka ule ule Kenya ikajitawala. Bustani ya mahali pale huitwa kwa jina la mugumo, na watu huenda kupaangalia, mmoja kwa udadisi, mmoja kwa kumbukumbu, na mwingine kwa kitu zaidi ya hayo.

Basi kijana wetu akisimuliwa kisa hiki, kinamshika moyo. Atasema: "Mti umeanguka, na dola imeanguka. Je, hapa hapana siri?" Hebu tulipime swali lake kwa mizani tuliyoachiwa.

Katika mwaka wa 10 Hijriya alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye alikuwa angali mtoto mchanga. Siku ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume. Tazama, ndugu msomaji, nafasi iliyokuwa pale! Baba yu katika msiba, watu wenyewe wameleta ushahidi wa utukufu wake bila ya kuombwa, na ishara iko juu mbinguni kila mtu anaiona. Lau angekuwa mtu wa kutafuta sifa, kunyamaza tu kungemtosha. Lakini hakunyamaza. Alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni dalili mbili katika dalili za Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Kwa neno hilo alikata mzizi wa dhana ambayo imewapoteza watu wengi: dhana kwamba mambo mawili yakitokea pamoja, basi moja limezaa jingine.

Tuurudie mti. Radi huipiga miti mirefu kila msimu wa mvua, na mti mkongwe huanguka. Ama uhuru wa Kenya, sababu zake zinajulikana. Kulikuwa na watu waliodai ardhi yao miaka mingi kabla ya 1963. Kulikuwa na waliotiwa kizuizini baada ya serikali kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na waliokufa misituni, na waliokaa London mezani wakabishana juu ya katiba. Mwenye kusema mti ndio ulioleta uhuru huwanyima watu hao haki yao, ijapokuwa hakukusudia. Hili ndilo dhara la kwanza la kuyapa mawe na miti kazi isiyokuwa yao: tunawapokonya wanadamu ujira wa juhudi zao, kisha tunakaa tukingoja mti mwingine uanguke ili mambo yetu yatengenee.

Lakini liko jambo la pili katika kisa hiki, nalo ni zito zaidi. Ikiwa ni kweli serikali ile iliutia mti pingu, basi nani aliyeamini nguvu ya mti? Maafisa wale walikuwa wakiyaita mambo ya wenyeji ushirikina, na shule zao zikifundisha hivyo. Ulimi ulisema mti ni mti tu. Mkono ukaenda kuufunga chuma. Atasema msemaji: "Hawakuuogopa mti, waliwaogopa watu wanaouamini." Hayo yawezekana, nasi hatuyakatai. Ila ndipo tunapoona jinsi uwongo unavyopata nguvu duniani. Haupati nguvu kwa wale wanaousadiki peke yao. Hupata nguvu zaidi kwa wale wasiousadiki, lakini wakautumikia kwa sababu wanawaogopa wanaousadiki. Neno hili pia tuliweke, litarudi.

Sasa tutoke Thika kidogo, maana desturi ya kupaendea mahali kwa ajili ya baraka si ya kabila moja wala nchi moja. Wabudha, ambao ni mamilioni ya watu huko Asia, wana miti yao na majengo yao. Mti wanaoutukuza kuliko yote uko Bodh Gaya katika Bara Hindi, mahali ambapo, kwa itikadi yao, mwalimu wao Budha alifunuliwa ujuzi. Na ajabu ya maumbile ni kwamba mti ule nao ni katika jamaa hii hii ya mikuyu, ndugu wa mugumo wa Thika. Chipukizi lake lilipelekwa Anuradhapura katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na mti huo hutunzwa mpaka leo. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki, katika mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, liko hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 20, na katika ua wake umepandwa mti wa namna hiyo.

Pamoja na miti wanayo majengo yaitwayo stupa. Stupa ni kama kilima kilichojengwa kwa matofali au mawe, mviringo juu mfano wa kuba, na ndani yake huhifadhiwa mabaki ya Budha au ya watakatifu wao. Iliyo mashuhuri ni ile ya Sanchi, ambayo msingi wake uliwekwa zama za mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Wazuru hutoka nchi za mbali, wengine kwa miguu. Hufika wakaizunguka stupa, bega la kulia likiielekea. Haiingiwi kama nyumba, wala hapana sanamu ndani ya kuabudiwa, huzungukwa tu. Na mwenye elimu miongoni mwao atakwambia kwamba Budha hakudai uungu, kwamba alikufa kama wafavyo watu, na kwamba kuzunguka huko ni kuyakumbuka mafunzo yake. Ama mtu wa kawaida aliyekuja na mtoto mgonjwa, yeye hakuja kukumbuka mafunzo. Amekuja kuomba.

Tofauti hii baina ya mwenye elimu na mtu wa kawaida iliwahi kuelezwa na mwanachuoni wetu mmoja mkubwa karibu miaka elfu moja iliyopita. Abu Rayhan al-Biruni aliandika juu ya dini za Wahindi, na hakuandika kwa matusi. Alijifunza lugha yao, akasoma vitabu vyao, akawaeleza kwa insafu. Alipofika mlango wa kuabudu masanamu, alisema kwamba nyoyo za watu wa kawaida huelemea kwenye kitu kinachoonekana na kushikika, na kwamba wenye elimu tu ndio wanaoweza kuelekea kwenye maana isiyo umbo. Kisha, badala ya kumcheka Mhindi, akamgeukia Muislamu mwenzake. Akasema kwamba lau ungemwonyesha Muislamu asiyesoma picha ya Mtume, au ya Makka na Alkaaba, furaha ingemfanya aibusu, aipanguse mashavuni na kugaagaa mbele yake, kana kwamba ameviona vyenyewe. Hivyo ndivyo mwanachuoni anavyotazama. Alikwenda nchi ya watu akarudi na kioo cha kujitazamia.

Hapa patatokea mtu aseme: "Ninyi mwasema hayo, lakini nanyi mwakwenda Makka, mkaizunguka nyumba ya mawe, mkalibusu jiwe jeusi. Mna tofauti gani na mwenye kuizunguka stupa?" Swali hili ni la haki, na asiyeweza kulijibu hana ruhusa ya kumtoa makosa mwenzake. Jawabu lake alilitoa Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimfikie. Alilikabili lile jiwe na kulitangazia mbele ya watu kwamba anajua kuwa ni jiwe tu, halina dhara wala nafuu, na kwamba lau hakumwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Fahamu vizuri maana yake. Mahali hapatukuki kwa dhati yake, kwa udongo wake au jiwe lake. Hutukuka kwa amri ya mwenye amri, na utukufu huo haumpi mtu kitu ila kwa utiifu wake. Askari akiisalimu bendera, hakiombi kitambaa kimlipe mshahara. Haji naye hakwenda kuliomba jiwe. Amekwenda kumtii aliyemwamrisha. Siku atakapodhani kwamba jiwe lenyewe humpa, siku hiyo amekuwa mbali na Makka, ijapokuwa mkono wake uko juu ya jiwe.

Na kwa kuwa mioyo huteleza upesi, wakubwa wetu walikuwa na hadhari sana na miti. Katika safari ya Hunayni, mwaka wa 8 Hijriya, baadhi ya watu waliokuwa wageni katika Uislamu waliona mti ambao washirikina walikuwa wakiutundikia silaha zao kwa kutaka baraka, wakamwomba Mtume awawekee na wao mti wao. Aliwakemea, akawafananisha na watu wa Nabii Musa waliotaka kutengenezewa mungu wakati maji ya bahari hayajawakauka miguuni. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipopata habari kuwa watu wanauendea mti uliodhaniwa kuwa ndio ule wa Hudaybiya, ambao chini yake Mtume alipokea kiapo cha sahaba zake, aliamuru ukatwe. Ule haukuwa mti wa makafiri. Ulikuwa mti wetu, wenye kumbukumbu tukufu kabisa. Akaukata kwa sababu aliona kumbukumbu imeanza kugeuka ibada.

Ndugu msomaji, kabla hatujarudi pwani, tusimame kidogo Ruiru, maana mji huo nao unatupa mfano wa mti, lakini kwa njia nyingine. Ruiru ni nchi ya mibuni, na huko kipo kituo cha uchunguzi wa kahawa. Wakulima wa Kenya walipata hasara kubwa kwa magonjwa mawili: moja huozesha matunda ya buni kabla hayajaiva, na jingine hupakaza majani vumbi la rangi ya kutu mpaka yakapukutika. Wataalamu walikaa miaka mingi wakichagua mibuni, wakichanganya uzazi wa aina hii na aina ile, ua kwa ua, kwa mkono. Mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11, mbuni mfupi wenye nguvu ya kuyahimili magonjwa yote mawili. Hakuna aliyeufukizia ubani mti ule, wala aliyeufunga kitambaa. Waliuuliza swali, wakangoja jawabu, wakauliza tena.

Basi ipo miti miwili katika njia moja, na kutoka mmoja hadi wa pili si mwendo wa saa moja kwa gari. Mbele ya mmoja watu walisimama kwa hofu, na mbele ya mwingine walisimama kwa utafiti. Sisi twaamini kwamba Mungu ameweka sababu katika viumbe vyake: dawa huponya kwa idhini yake, mbegu njema huzaa kwa idhini yake. Kuitafuta sababu aliyoiweka ni adabu njema kwa Mola, maana ni kuisoma kazi yake. Ama kubuni sababu ambayo hakuiweka, tukasema mti huu hutoa watoto na kaburi hili huondoa deni, huko ni kumzulia. Mwenye mtoto mgonjwa aliyepelekwa mzimuni akachelewa hospitali, anaijua tofauti hii kwa machozi yake.

Sasa turudi nyumbani. Maneno tuliyoyaweka yamefika wakati wake.

Twamcheka Mkikuyu kwa mugumo wake, na Mbudha kwa stupa yake. Je, pwani yetu haina mibuyu iliyofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu? Haina mapango yanayomwagiwa marashi na kufukizwa ubani, na Waislamu wa majina ndio wanaochukua chetezo? Na makaburi ya mashehe wetu, wale waliotumia umri wao kuwafundisha watu kumwomba Mungu peke yake, je, hapana wanaoyaendea kuomba mume, mtoto, kazi au ushindi wa kesi? Ukiwauliza watakwambia: "Hatumwabudu shehe. Mungu yuko juu, na hapa ni mahali pa kumwombea." Ndugu zangu, neno hili tumelisikia wapi? Ni lile lile la wazee wa Thika chini ya mugumo. Ikiwa ni udhuru, basi ni udhuru wao pia, na tukome kuwacheka. Na ikiwa si udhuru kwao, kwetu sisi ni aibu kubwa zaidi, kwa kuwa wao hawakusoma tuliyoyasoma.

Hatusemi kuzuru makaburi kumekatazwa. Mtume ameruhusu, na ameeleza faida yake: mtu akumbuke kufa kwake, na amwombee maiti. Angalia mwelekeo wa dua hiyo. Aliye hai humwombea aliyekufa, kwa sababu aliyekufa ndiye mhitaji, amali yake imekatika. Sisi tumeipindua ziyara: tumemfanya maiti kuwa mtoaji na sisi waombaji. Na kwa habari ya kufunga safari kwa ajili ya utukufu wa mahali, Mtume alitaja misikiti mitatu tu, wa Makka, wa Madina na wa Baitul Mukaddas. Hakuongeza wa nne.

Na lile neno la pili, la pingu ya chuma? Linawahusu wenye elimu. Wapo miongoni mwetu wanaojua yote tuliyoyaeleza, wayajua kwa kitabu na kwa hoja, na faraghani watakuafiki. Lakini siku ya shughuli huonekana mstari wa mbele kando ya kuba, wakitikisa vichwa, kwa kuwa wanaogopa kuitwa wapinzani, au wanaogopa kukatika kwa sadaka. Hawa ndio maafisa walioutia mti chuma. Hawauamini, lakini wanauzuia usianguke. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, kazi kubwa aliyojitwika ilikuwa kusema kwa lugha ya watu, hadharani, yale ambayo wengi waliyajua faraghani. Haikumpa raha. Lakini mwenye elimu aliyenyamaza hana budi kujiuliza, atakapokufa na yeye akajengewa kuba, watu wataiomba kwa makosa ya nani.

Hapa tunapenda kutoa hadhari, kwani wako vijana wenye joto ambao wakiyasikia haya watadhani twawapa shoka. La! Sayyidna Umar aliukata mti wa watu wake, naye alikuwa kiongozi wao. Masanamu ya Makka yaliondolewa katika nyumba aliyoijenga Nabii Ibrahim kwa ajili ya Mungu mmoja, na sanamu ya watu wa Taif ilivunjwa baada ya watu wenyewe kusilimu. Lakini sahaba walipoingia Misri hawakuyavunja mapiramidi, na Umar alipoingia Baitul Mukaddas aliwaachia Wakristo makanisa yao. Mwezi Machi mwaka 2001 watawala wa Afghanistan waliyalipua masanamu mawili makubwa ya Budha yaliyochongwa katika jabali la Bamiyan, moja lenye urefu wa mita 55. Yalikuwa yamesimama kati ya Waislamu zaidi ya miaka elfu, na katika miaka hiyo walipita wanavyuoni na wafalme wasio na hesabu, wala hawakuona wajibu huo. Baruti ile haikumsilimisha Mbudha hata mmoja. Kurani imetukataza kuwatukana wanaoombwa kinyume cha Mungu, wasije watu nao wakamtukana Mungu kwa uadui bila ya kujua. Ikiwa ulimi umezuiwa, baruti itaruhusiwa vipi?

Wala kuvunja hakuuondoi ugonjwa. Mugumo wa Thika umeanguka tangu mwaka 1963, na bado unasimuliwa. Mti ulio moyoni hauangushwi na radi wala na shoka. Huangushwa na elimu, tena pole pole.

Basi kijana wetu aliyeuliza, jawabu lake ni hili. Ukipita Thika ukaonyeshwa mahali pa mugumo, hapana ubaya ukienda ukatazama. Ukifika Upanga ukauona mti wa Wabudha, au Mungu akikufikisha Sanchi, simama kwa adabu kama usimamavyo katika nyumba ya mtu. Usicheke, usitemee, usiseme neno la kuwaudhi wenyewe. Usishiriki ibada yao, usiombe, usitoe nadhiri, usichukue jani wala udongo kwa kutaraji baraka. Yatazame kwa jicho la ibra: hapa wanadamu kama wewe, wenye haja kama zako, walitafuta mlango wa mbinguni. Haja zao zilikuwa za kweli, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Mlango ndio waliodhani uko mahali, nao hauko mahali. Uko wazi kila mtu alipo: Ruiru katika shamba la kahawa, Mombasa katika chumba cha kupanga, baharini katika jahazi.

Kisha ukirudi pwani, nenda kwenye kaburi la babu yako, au la shehe umpendaye, simama pale pale uliposimama siku zote, na uutazame moyo wako kwa jicho lile lile ulilotumia Thika. Ukiukuta unamwombea aliyelala pale, mshukuru Mungu. Ukiukuta unamwomba yeye, jua kwamba mti umekwisha kuota ndani yako, na shoka liko mkononi mwako wewe, si mkononi mwa mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, kwanza katika nafsi zetu kabla ya nafsi za wenzetu. Wabillahi taufiki.